Gari Likikataa Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Betri Baadaye



Katika nyanda za juu za Kigoma, maisha ya kila siku yamefungamana na vyombo vya moto. Mahindi na maharage ya vijiji vya Kasulu hupelekwa sokoni kwa magari. Mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa Kibondo hufika kazini kwa bodaboda. Tena lipo jambo zito zaidi. Mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ujulikanao kama m-mama, hupokea simu bila malipo kupitia namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva huyo akigeuza ufunguo saa nane usiku na injini ikanyamaza, kila dakika inayopita ina thamani ya uhai.

Gari likinyamaza hivyo, neno la kwanza kusikika ni hili: "Betri imekufa." Mwenye gari hukopa fedha, huenda mjini, hununua betri mpya na kuifunga. Gari linawaka, naye anaridhika. Baada ya majuma mawili ugonjwa hurudi uleule. Kumbe betri ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni kiungo cha waya, nacho kilipata nafuu ya muda kwa sababu tu kilifunguliwa na kukazwa upya siku ile. Somo hili linakusudia kumwezesha mkazi kuutafuta ugonjwa kwa mpangilio, akiwa nyumbani kwake na vifaa vichache, kabla ya kutoa shilingi yake.

Njia ya umeme

Betri ya gari dogo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana betri iliyojaa husoma volti 12.6. Kutoka kwenye kichwa chanya cha betri hutoka waya mnene uendao kwenye stata, yaani mota inayoizungusha injini mpaka iwake. Kutoka kwenye kichwa hasi hutoka waya mwingine mnene, ule wa ethi, unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini yenyewe. Umeme huenda kwa njia ya kwanza na kurudi kwa njia ya pili. Njia moja ikikatika, kazi yote husimama.

Ipo pia njia ya tatu, nyembamba, ambayo ni njia ya amri. Ufunguo unapogeuzwa, umeme mdogo hupita kwenye swichi, kisha kwenye rilei ikiwa gari linayo, hadi kwenye solenoidi iliyobebwa na stata. Solenoidi hufunga mlango wa umeme mkubwa kwa sauti ya "ka!", na stata huanza kuzunguka. Basi mtafuta ugonjwa ana maeneo manne tu ya kukagua: betri, nyaya nene na viungo vyake, njia ya amri, na stata yenyewe.

Tahadhari kabla ya kazi

Vua saa, pete na bangili. Chuma kikigusa vichwa vyote viwili vya betri kwa pamoja huwaka moto mara moja na kuunguza mwili. Weka gia nyutro, vuta breki ya mkono, na watoto wakae mbali. Usivute sigara wala usiangazie betri kwa kibatari au kiberiti, kwa maana betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Maji yaliyomo ndani ni asidi: yakiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda kituo cha afya bila kukawia.

Unapofungua betri, anza na kichwa hasi. Unapoifunga, kichwa hasi kiwe cha mwisho. Mpangilio huu una sababu. Ukifungua chanya kwanza na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri hupita kwenye spana hiyo.

Sikiliza kabla ya kugusa

Washa taa kubwa, mwombe mtu asimame mbele ya gari azitazame, kisha geuza ufunguo. Sauti ya injini na hali ya taa vitakuambia mengi.

Taa haziwaki kabisa na gari halitoi sauti: betri ni tupu, au kiungo kimeachia, au fyuzi kuu imekatika.

Taa zinafifia sana na inasikika "ta-ta-ta-ta" ya haraka: solenoidi inapata umeme wa kufunga mlango, lakini hausalii wa kuzungusha stata. Betri ni dhaifu au kiungo ni kichafu.

Injini inazunguka kwa kujikokota: betri imepungua, au waya mnene unapoteza umeme. Asubuhi za baridi za huku juu huzidisha hali hii, kwani oili huwa nzito na betri huwa mvivu kwa wakati mmoja.

Taa zinabaki na mwanga wake na inasikika "ka!" moja tu: betri huenda ni nzima, shaka iende kwenye solenoidi au brashi za kaboni ndani ya stata.

Taa zinabaki na mwanga wake na hakuna sauti yoyote: njia ya amri imekatika mahali fulani.

Stata inalia kwa kasi lakini injini haizunguki: meno ya stata hayashiki gurudumu la injini. Kazi hiyo ni ya fundi.

Injini inazunguka kwa nguvu zote ila haiwaki: usiiguse betri. Tatizo ni mafuta au moto wa plagi.

Kuipima betri

Mita ya umeme ya kawaida huuzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya betri. Kikundi cha bodaboda au cha wakulima kinaweza kuchangia mita moja. Iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha 20. Gari liwe limelala kwa saa kadhaa. Kama limezimwa sasa hivi, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, ndipo upime. Waya mwekundu wa mita uguse kichwa chanya, mweusi uguse hasi. Majibu yasomwe hivi:

- volti 12.6 au zaidi: betri imejaa;
- volti 12.4: imebaki robo tatu;
- volti 12.2: imebaki nusu;
- volti 12.0: imebaki robo;
- chini ya volti 11.9: ni tupu.

Betri tupu huenda ikawa nzima, kwa hiyo ichajiwe kwanza, kisha ipimwe tena kesho yake. Ikiwa baada ya kuchajiwa usiku kucha inasoma karibu 10.5, elewa kwamba chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na betri hiyo haitapona. Ikisoma vizuri, fanya jaribio la pili: mwombe mwenzako awashe gari huku ukiitazama mita. Volti zitashuka, na hiyo ni kawaida; lakini betri iliyochajiwa ikishuka chini ya 9.6, nguvu zake zimekwisha.

Gari likiwaka, pima mara ya tatu injini ikiendelea kuzunguka. Mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Betri mpya itakayofungwa hapo nayo itaisha vilevile. Ikizidi 15, umeme unazidi na betri itachemka hadi ikauke. Usiijaribu altaneta kwa kuchomoa waya wa betri wakati injini inazunguka, kama wengi wafanyavyo. Umeme hupanda ghafla na kuunguza kompyuta ya gari.

Kiungo kichafu, mwizi asiyeonekana

Hapa ndipo fedha nyingi za wananchi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Watu huuliza: "Redio inaimba na taa zinawaka, betri itakosaje nguvu? Na kama betri ina nguvu, stata si ndiyo mbovu?" Jibu limo kwenye kiasi cha umeme. Redio huvuta ampea 2 hivi. Stata ya gari dogo la petroli huweza kuvuta ampea 150, na ya gari la dizeli zaidi ya hapo. Fikiria mlango wa ukumbi ulioziba nusu. Mtu mmoja hupita bila kuona taabu. Mkutano mzima ukitaka kutoka kwa pamoja, watu hukwama.

Hesabu inathibitisha. Chukulia kwamba ukungu mweupe kwenye kichwa cha betri umeleta ukinzani wa omu 0.02, kiasi kidogo mno. Redio ya ampea 2 hupoteza hapo volti 0.04 tu, nawe hutatambua. Stata yenye kuhitaji ampea 150 hupoteza volti 3 nzima. Ikiwa betri imeshuka hadi 10.5 kwa uzito wa kazi, stata hupata 7.5, nayo haiwezi kugeuza injini kwa volti hizo. Betri ni nzima, stata ni nzima, lakini gari haliwaki.

Mwizi huyu hukamatwa kwa mita ileile. Waya mmoja wa mita uguse risasi ya kichwa cha betri chenyewe, wa pili uguse kibanio cha waya kilichokishika kichwa hicho. Mwenzako ageuze ufunguo. Mita isome sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, mwizi yuko hapo. Kisha pima kutoka kichwa hasi hadi chuma kitupu cha injini: isizidi volti 0.3. Mwisho pima kutoka kichwa chanya hadi skurubu nene ya stata: isizidi 0.5. Kipimo kikizidi, fuata waya huo kiungo kwa kiungo.

Tiba yake ni nafuu. Fungua vibanio, mwagia ukungu maji ya vuguvugu yenye magadi, ukihakikisha hayaingii kwenye vyumba vya betri. Suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Usisahau upande wa pili wa waya wa ethi, pale unapofungwa kwenye bodi. Matope ya masika na vumbi jekundu la kiangazi hujificha hapo, na kutu hufuata.

Njia ya amri na stata

Ikiwa betri na viungo vimethibitika kuwa vizuri na bado gari liko kimya, rudi kwenye njia ya amri. Gari la gia za kujiendesha halikubali kuwaka nje ya P au N. Likigoma kwenye P, jaribu N. Magari mengi ya gia za mkono ya siku hizi hutaka klachi ikanyagwe. Kagua fyuzi na rilei ya stata. Mara nyingi rilei ya honi hufanana nayo kabisa; ikiwa namba zilizoandikwa ni zilezile, zibadilishane kwa muda ili ujue.

Kisha pima ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, mwenzako akiwa ameshika ufunguo kwenye kuwasha. Volti zikikaribia zile za betri, amri imefika na stata ndiyo isiyotii. Zisipofika, ugonjwa uko kwenye swichi au waya. Stata inayoamka ikigongwa polepole kwa mpini wa nyundo ina brashi zilizokwisha. Kugonga huko kutakufikisha kwa fundi, si zaidi. Brashi hubadilishwa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya stata nzima.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Kuifunga kwa waya wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara ni kukaribisha moto, kwa kuwa sasa kitakachoungua ni waya wenyewe, ukiwa umelala ndani ya bodi pamoja na bomba la mafuta.

Pikipiki na moto wa plagi

Pikipiki nyingi za bodaboda zina stata na kiki. Ikiwa stata haifanyi kazi lakini kiki inawasha, betri yake ndogo au viungo vyake ndivyo vyenye shaka. Ikiwa kiki nayo inashindwa, kwanza tazama swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani. Wengi wamefungua pikipiki nzima kumbe swichi hiyo iliguswa na mtoto. Kisha fungua plagi. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, isafishe. Ikiwa imelowa petroli, ikaushe. Nafasi ya ncha zake kwa kawaida iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Ili kuona moto, irudishe plagi kwenye kofia yake, laza chuma chake juu ya injini mbali na tundu lake na mbali na mafuta, kisha piga kiki. Cheche ya samawati yenye nguvu ni njema. Nyekundu hafifu au kukosekana kabisa huelekeza kwenye kofia, koili au waya. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, kwani umeme wake ni wa maelfu ya volti. Jaribio hili lisifanywe kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta. Injini ya dizeli haina plagi za cheche hata kidogo.

Kuazima umeme kwa gari jingine

Nyaya za kubusti zifungwe kwa mpangilio huu, magari yote mawili yakiwa yamezimwa: nyekundu kwenye chanya ya betri tupu, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari gonjwa, mbali na betri yake. Washa gari zima, subiri dakika tano, jaribu gari gonjwa. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi nyuma. Kumbuka kwamba malori mengi yapitayo barabara ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi hutumia volti 24. Usikubali msaada wa lori kwa gari la volti 12. Utaunguza vifaa vyote.

Yanayoua betri katika mazingira yetu

La kwanza ni mtikisiko. Betri isiyofungwa barabara kwenye kiti chake hutikisika juu ya mashimo hadi bamba zake za risasi zikabomoka. La pili ni kuitumia betri ya gari kwa taa na televisheni ya nyumbani. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo; ikikamuliwa hadi tupu kila usiku huharibika mapema. Nyumba ipewe betri ya sola. La tatu ni maji. Betri yenye vifuniko ikaguliwe kila mwezi, na maji yakipungua iongezwe maji maalumu ya betri, si ya kisima wala ya mto, ambayo yana madini. Soma chupa kabla ya kumimina: dukani maji na asidi hukaa pamoja, na anayeongeza asidi badala ya maji huiharibu betri.

La nne ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, hasa baada ya kufungiwa redio au king'ora na fundi wa haraka. Weka mita kwenye ampea, ifunge kati ya kichwa hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa, usubiri nusu saa. Kipimo kisizidi ampea 0.05. Kikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi kishuke. Njia ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mvujo. Katika jaribio hili usithubutu kuwasha gari, mita itaungua.

Pale mkazi anapopaswa kuishia

Usiguse nyaya za manjano za mifuko ya hewa, wala nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari ya mseto, ambazo hubeba umeme wa kuua. Kufungua stata, altaneta na mfumo wa kuzuia wizi ni kazi ya fundi umeme wa magari. Mpelekee vipimo ulivyoandika. Fundi mwema atashukuru, na mwenye nia mbaya atajua kwamba amekutana na mtu anayeelewa.

Ikithibitika kwamba betri lazima inunuliwe, tazama tarehe ya kutengenezwa, linganisha ukubwa na ampea na ile ya zamani, dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana, uvihifadhi.

Betri chakavu ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Asidi yake isimwagwe mtoni wala kwenye mashamba ya bondeni. Risasi yake isiyeyushwe nyumbani kwa ajili ya uzito wa nyavu au jambo lingine lolote. Moshi na vumbi lake huingia mwilini na kudhuru ubongo wa watoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mwulize Afisa Mazingira wa halmashauri, au Afisa Mtendaji wa Kata yako, ni mkusanyaji gani mwenye kibali anayeruhusiwa kuipokea.

Ndugu mkazi, chagua siku moja ya mwezi: kaza vibanio, safisha vichwa, tazama maji, pima volti, andika kipimo kwenye daftari. Ni kazi ya dakika kumi. Volti zikianza kushuka mwezi baada ya mwezi utaliona tatizo mchana, ukiwa nyumbani na muda wa kujipanga, kabla halijakukuta usiku ukiwa na mgonjwa garini.